Intaneti ukiwa matembezini nchi ya tatu: namba yako ibaki hewani, data itoke kwingine

Wengi wetu tunaoishi nje tunatembea na laini mbili kwenye simu moja. Ya nyumbani hupokea meseji za benki na pesa za simu. Ya nchi tunayoishi imebeba kazi, shule ya watoto na mengine yote. Tukipata likizo na kwenda kutalii nchi ya tatu, tunafika uwanja wa ndege tukijiuliza tuchomoe ipi ili kupisha laini mpya.

Swali hilo lijibiwe kabla ya kufunga mizigo, kwa sababu ya meseji za uthibitisho. Umesimama kaunta ya hoteli, umeingiza kadi, na benki inatuma tarakimu sita kwenye namba iliyosajiliwa. Kama laini hiyo umeiacha kwenye droo, malipo hayapiti, na benki haitakusikiliza kirahisi ukipiga kwa namba ngeni. Kwa hiyo laini inayojulikana na benki utakayoitumia safarini ndiyo ibaki kwenye simu, imewashwa, huku romingi ya data, yaani laini kutumia mtandao wa nchi nyingine kwa intaneti, ikiwa imezimwa. Kupokea meseji ukiwa nje kwa mitandao mingi ni bure. Kinachokula pesa ni data, na mara nyingi simu unazopigiwa. Laini za malipo ya kabla hakikisha mapema kwamba romingi imefunguliwa, maana mitandao mingine huifungua tu ukiwa bado ndani ya nchi. Zima pia huduma ya ujumbe wa sauti: simu usiyoipokea inaweza kugeuzwa na kurudishwa kwenye mtandao wako, ukalipia safari zote mbili.

Simu nyingi zinaweza kuwasha laini mbili tu kwa wakati mmoja. Ukiweka laini ya benki na laini ya data, namba yako ya pili itabidi ipumzike. Kama unaihitaji nayo, iweke kwenye simu ya zamani na ubebe zote mbili. WhatsApp isikutie wasiwasi: itaendelea kwa namba yako ileile hata data ikitoka kwenye laini nyingine. Ikikuuliza kama unataka kubadili namba, kataa.

Anza na mkataba ulio nao

Unayeishi Umoja wa Ulaya huenda huhitaji kununua chochote. Tangu tarehe 15 Juni 2017, laini ya nchi mwanachama hutumika nchi nyingine za Umoja kwa bei ya nyumbani, na sheria hiyo imeongezewa muda hadi 2032. Norway, Iceland na Liechtenstein zimo. Haki hii inafuata laini yako na mahali unapoishi, wala haihusiani na pasipoti uliyonayo. Ila angalia kiwango: bando lisilo na kikomo nyumbani linaweza kuwa na kikomo ukivuka mpaka.

Uswisi haimo, na hapo ndipo watu huumia. Ukilala upande wa Ufaransa karibu na Geneva, simu inaweza kushika mnara wa Uswisi ukiwa kitandani, na romingi ikaanza kuhesabiwa kwa bei nyingine kabisa. Dawa yake ni kuingia kwenye mipangilio ya mtandao, kuzima uchaguzi wa kujiendesha na kuchagua mwenyewe mtandao wa Kifaransa. Fanya hivyo karibu na mpaka wowote. Uingereza nayo, tangu ijitoe, kila kampuni inajipangia: nyingine zinatoza kwa siku, nyingine bado ni bure. Soma yako.

eSIM, na kwa nini naipendelea

Kwa safari ya wiki moja au mbili ningechukua eSIM, ile laini isiyo na kadi, inayopakuliwa tu. Laini inayojulikana na benki haiguswi, na ukishuka kwenye ndege data iko tayari. Kujua kama simu yako inaikubali, bonyeza *#06#. Ukiona namba ndefu yenye jina EID, inawezekana. iPhone zimekuwa nayo tangu kizazi cha 2018, ingawa nyingi zilizotengenezwa kwa soko la China bara hazina. Waliopo Marekani wana jambo la ziada: iPhone za huko kuanzia 14 hazina kabisa tundu la kadi, kwa hiyo duka linalouza kadi za plastiki peke yake halitawasaidia.

Hakikisha pia simu haijafungwa kwa kampuni iliyokuuzia. Uingereza ilipiga marufuku uuzaji wa simu zilizofungwa mwezi Desemba 2021, lakini Marekani simu ya mkopo mara nyingi hubaki imefungwa hadi deni liishe. Simu iliyofungwa itakataa laini yoyote ya kampuni nyingine, iwe kadi au eSIM.

Isakinishe eSIM ukiwa bado kwenye wifi ya nyumbani, kwa sababu kuipakua kunahitaji intaneti, na ya uwanja wa ndege wakati mwingine hudai meseji ya uthibitisho kwanza. Ipe jina utakalolitambua, kama "Data safari". Ukifika, iwashe, ichague kuwa laini ya data, kisha washa romingi ya data kwenye hiyo tu. Hapo wengi hukwama: wamezoea kuogopa neno romingi, wanaliacha limezimwa, na wanadhani wameibiwa. Ikigoma bado, angalia kwenye mipangilio ya laini kama APN, jina la njia inayoiunganisha na intaneti, inalingana na maelezo uliyotumiwa, halafu zima simu na kuiwasha. Usiifute kwa hasira. Misimbo mingi ya QR, ile michoro unayoipiga kwa kamera ili kupakua eSIM, hutumika mara moja tu, ukiifuta umeipoteza.

Soma pia maana ya "bila kikomo". Mara nyingi kuna kiasi cha kila siku ambacho kikiisha kasi hushuka hadi ramani inafunguka kwa tabu. Tena eSIM nyingi za watalii ni data tupu, hazina namba ya kupigia teksi wala mwenyeji wako.

Ukikaa zaidi ya wiki mbili, au ukihitaji namba ya huko, nunua laini ya kawaida kwenye duka la kampuni yenyewe, mjini, ambako kwa kawaida ni nafuu kuliko uwanja wa ndege. Nenda na pasipoti, maana nchi nyingi zinataka usajili. Mwambie mhudumu akuwekee na ufungue ukurasa wowote mbele yake, wifi ikiwa imezimwa, ndipo uondoke. Laini ya mtaani iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine achana nayo. Inaweza kufungwa wakati wowote, na huwezi kudai lolote.

Nchi zenye masharti yake

China bara, laini ya huko haitafungua Google wala WhatsApp. Data ya romingi kwa kawaida hupita kwenye mtandao wa nchi ilikotoka laini, ndiyo maana laini nyingi za nje huzifungua hata ukiwa huko. Umoja wa Falme za Kiarabu, meseji za WhatsApp zinapita lakini kupiga simu kwa njia hiyo kumezuiwa, basi watahadharishe wazee wasikusubiri kwenye video. Marekani kampuni kubwa zilizima 3G mwaka 2022, na simu ya zamani isiyoweza kupiga kupitia 4G itabaki bubu. Uturuki hufunga simu ya kigeni inayotumia laini ya huko baada ya siku 120 isiposajiliwa. Mtalii wa kawaida hafikishi siku hizo, ila aliyekwenda kukaa na ndugu anaweza kuzifikisha.

Popote uendapo, pakua ramani ya mji kabla ya kuondoka, zuia picha kujihifadhi mtandaoni isipokuwa kwenye wifi, na uzime video zinazojipakua kwenye makundi ya WhatsApp. Makundi ya familia peke yake yanaweza kumaliza bando kabla hujatoka hotelini.

Ukipanda meli ya kitalii au ndege, weka hali ya ndege tangu mwanzo. Vyombo hivyo vinaweza kuwa na mnara wao unaopitia setilaiti, simu huushika bila kukuuliza, na bei ya nyumbani ya Ulaya haifiki huko. Ukitaka kuwasiliana ukiwa baharini, nunua wifi ya meli na uache laini zako zimezimwa hadi mtie nanga.