Kunakili kaseti, sidii na DVD zako bila kumnyima msanii haki yake

Kaseti ya benga iliyokaa kabatini Kisumu kwa miaka 20 huharibika hata kama haichezwi. Hewa ya ziwani ina unyevu, na unyevu huotesha ukungu, ule unga mweupe unaouona kwenye kingo za utepe. Kama kaseti ni yako, unaweza kuiokoa. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inasema kwamba mtu akitengeneza nakala moja ya rekodi ya sauti kwa matumizi yake ya binafsi, hajavunja haki ya mwenye rekodi, yaani mwenye hakimiliki yake. Sheria hiyohiyo inampa mwenye rekodi fidia: tozo kwenye vifaa vya kurekodia na kaseti tupu, inayotakiwa kulipwa na mtengenezaji au mwagizaji. Kwa hiyo ruhusa hii iliwekwa huku msanii akifikiriwa, wala si mwanya wa kupenyea.

Maneno ya kushika ni matatu: moja, binafsi, na rekodi ya sauti.

Binafsi ni nyumbani kwako, kwenye simu yako, ndani ya gari lako. Ukiicheza kwenye matatu ya Kondele, kinyozini, kwenye baa au kwenye disko matanga, hayo ni maonyesho ya umma. Hapo inahitajika leseni ya mashirika ya kukusanya mirabaha yaliyoidhinishwa na KECOBO (Bodi ya Hakimiliki ya Kenya), hata kama kaseti uliinunua kwa pesa zako. Nayo flashi uliyojaziwa nyimbo dukani haiwezi kuitwa nakala ya binafsi, kwa sababu aliyenakili amefanya biashara na kazi ya mtu mwingine. Ulicholipa kimeishia kwa mwenye duka.

Utasikia watu wakisema wimbo wa zamani hauna mwenyewe. Piga hesabu kwanza. Kwa sheria yetu haki ya rekodi hudumu miaka 50 tangu ilipotengenezwa, lakini haki ya mtunzi hudumu miaka 50 baada ya kifo chake. D.O. Misiani, mwanamuziki wa benga wa bendi ya Shirati Jazz, alifariki mwaka 2006. Tungo zake basi zina mwenyewe hadi mwisho wa 2056, hata zile alizorekodi watoto wa leo wakiwa bado hawajazaliwa.

Sasa tuingie kazini. Unahitaji deki au redio kaseti inayozungusha vizuri, waya wa sauti wenye vichwa vya milimita 3.5 pande zote mbili, kompyuta, na programu ya Audacity, ambayo ni ya bure.

Anza na usafi. Chovya kijiti cha pamba kwenye spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, ufute kichwa cha kusomea na nguzo ya chuma inayovuta utepe mpaka pamba itoke nyeupe. Gurudumu la mpira lipanguse haraka, usililoweshe, maana spiriti hukausha mpira. Spiriti ya vidonda usiitumie. Huwa na maji, nyingine na mafuta, na mafuta hayo yatahamia kwenye utepe. Kaseti yenye ukungu usiicheze kabisa kabla haijasafishwa, kwa sababu unga utabaki kwenye kichwa na kuambukiza kaseti zote zitakazofuata.

Kabla ya kuiweka kwenye deki, vunja vile vijipande viwili vya plastiki kwenye ukingo wa juu wa kaseti. Vikiwa vimevunjika, kitufe cha kurekodi hakishuki. Nakala nyingi za pekee zimefutwa kwa kidole kimoja kilichokosea kitufe. Kisha peleka utepe mbele hadi mwisho na uurudishe mara moja, ili mizunguko iliyoshikana iachiane.

Waya utoke kwenye tundu la kutolea sauti la deki na uingie tundu la buluu la kompyuta. Lile la waridi ni la maikrofoni: hukuza sauti kupita kiasi na mara nyingi hupokea upande mmoja tu, hivyo gitaa la pili linalojibu la kwanza hupotelea humo. Laptopu nyingi hazina tundu la buluu. Nunua kadi ndogo ya sauti ya USB, lakini hakikisha inapokea sauti ya pande mbili. Ukitumia tundu la spika za masikioni, weka sauti ya deki katikati.

Kwenye Audacity chagua pande mbili (stereo), hezi 44,100, biti 16. Cheza sehemu yenye kelele zaidi, ambayo kwenye benga huwa mwishoni gitaa zinapokolea, urekebishe mpaka kilele kifike karibu desibeli 6 chini ya sifuri. Ukivuka sifuri, vilele vya sauti vinakatwa na hakuna programu itakayovirudisha. Ukirekodi chini mno, utakapoipandisha sauti mchakarisho wa utepe utapanda nayo.

Matatizo mawili hujirudia. La kwanza ni mvumo mzito usiokoma. Huo ni umeme wa hezi 50, mara nyingi unapitia chaja. Chomoa chaja ya laptopu na utumie betri. La pili ni sauti iliyofifia, kana kwamba bendi inapiga nyuma ya blanketi. Kama kichwa ni kisafi, basi kimepinda kidogo. Pembeni yake kuna skrubu ndogo. Kaseti ikiwa inacheza, izungushe kwa bisibisi robo ya mzunguko tu, polepole, hadi kayamba isikike kavu na safi. Weka alama mahali ilipokuwa ili uirudishe.

Kaseti ya dakika 60 itakupa faili ya WAV ya karibu MB 600, yaani MB 10 kwa kila dakika. Kata nyimbo, zitoe kama FLAC, ambayo hupunguza ukubwa hadi nusu hivi bila kupoteza kitu, kisha ufute WAV. Memori kadi ya GB 32 itabeba karibu kaseti 100. Kwa kuwa sheria inataja nakala moja, tunashauri kadi hiyohiyo ihame kutoka simu hadi redio ya gari, na kaseti yenyewe ibaki kuwa akiba yako. Siku ukiiuza au ukiigawa, futa nakala.

Usiruke hatua ya majina. Andika ndani ya faili jina la mwimbaji, bendi, mtunzi, lebo, na mwaka kama upo kwenye karatasi ya kaseti, kisha upige picha ya karatasi hiyo. Muziki wa huku umeumizwa sana na faili zinazoitwa "ohangla mix 7". Jina likishang'oka, msanii hana pa kudai na wajukuu wake hawana pa kuanzia.

Sidii ni rahisi: ifute kutoka katikati kwenda nje, isome kwa programu ya Exact Audio Copy au fre:ac, na hifadhi kwa FLAC.

Filamu ni habari nyingine. Kile kifungu cha nakala moja kinahusu rekodi za sauti. DVD nyingi za studio zina kufuli, na sheria inakataza kuivunja, kwa hiyo hizo zitunze na uziangalie zilivyo. Video ya harusi au mazishi uliyomlipa mpiga video ni tofauti: kazi iliyoagizwa huhesabiwa kuwa ya aliyeiagiza, isipokuwa mlikubaliana vingine. Nakili mapema folda nzima ya VIDEO_TS iliyo ndani ya diski, kwani diski za kuchomwa hufa bila dalili, halafu tumia programu ya HandBrake kutengeneza faili ya video ya MP4. Chagua H.264, ubora wa 20, na uwashe kichujio cha kuondoa mistari kwenye watu wanaocheza densi. Kumbuka kwamba nyimbo alizobandika mhariri si zako. Ukiipandisha YouTube inaweza kunyamazishwa.

Binamu akifika kutoka Nakuru na flashi mkononi, muazime kaseti yenyewe akasikilize. Akiipenda, muonyeshe namna ya kuweka wimbo wa msanii huyo kuwa Skiza (mlio wa Safaricom anaousikia anayempigia simu) kwa kubonyeza *811#, au mwende pamoja kwenye onyesho mnunue sidii mkononi mwa bendi.