Jinsi ya kumchimba mchoraji wa zamani na ukoo wake kwa simu yako tu

Kuna picha moja ipo National Portrait Gallery, jumba la picha za watu maarufu kule London, Malkia Victoria kasimama anampa Biblia mtu mweusi aliyepiga magoti na kilemba chake kichwani, nyuma yupo mume wake Albert na wakubwa wa serikali. Inaitwa The Secret of England's Greatness, yaani siri ya ukubwa wa Uingereza, na ni ya mwaka 1863 hivi. Watu wanaitupia kwenye magrupu wanagombana mpaka usiku wa manane na hakuna hata mmoja anaeuliza, jamani, aliyechora ni nani, alizaliwa wapi, na je alikuwepo? Mi nilianza kumtafuta kwa udadisi tu nikajikuta nimezama, so naandika nilivyofanya maana njia ni ile ile kwa mchoraji yeyote wa Uingereza wa miaka ile.

Anza na jina lote, usikate. Huyu ni Thomas Jones Barker, na hiyo Jones usiione ndogo, ni jina la upande wa mama yake na ndo itakayokuokoa. Baba yake naye ni Thomas Barker, mchoraji wa mji wa Bath, maarufu kweli kweli enzi zake, baba mdogo Benjamin mchoraji, babu Benjamin naye mchoraji, tena babu alikuwa fundi wa kuchora mapambo kwenye vyombo vya kiwanda kule Pontypool, Wales. Halafu kuna Barker wengine kabisa, ukoo tofauti, akina Robert Barker aliyebuni zile picha kubwa za kuzunguka ukumbi mzima zinazoitwa panorama, na wanawe, na hao nao walionyesha vita! Siku ya kwanza mi niliwachanganya wote kwenye daftari moja, baba kampa mwana picha zake, mwana kazaliwa 1769, kazi bure, nikafuta nikaanza upya. Kwa hiyo kila ukiandika jina weka miaka pembeni: baba 1769 hadi 1847, mwana 1815 hadi 1882. Usiamini kumbukumbu yako.

Sasa makaratasi. Uingereza walianza kuandikisha vizazi na vifo serikalini tarehe 1 Julai 1837, kabla ya hapo ni vitabu vya ubatizo vya kanisa, kwa hiyo mtu wa 1815 ukimtafuta kwenye vizazi vya serikali utakesha, tafuta ubatizo, ila kifo chake cha Machi 1882 ndo utafute serikalini. Tovuti ya FreeBMD, ya kutafutia vizazi, ndoa na vifo vya serikali, ni bure, na ya FamilySearch, ya kumbukumbu za koo, bure ila ufungue akaunti. Sensa zinafanyika kila miaka kumi na kuanzia 1841 zina majina ya watu wote wa nyumbani, ila hiyo ya 1841 angalia sana, watu wazima wengi umri wao walikuwa wanaushusha mpaka tano ya karibu, mtu wa miaka 39 anaandikwa 35, usije ukasema si yeye. Sensa za 1851 kuendelea ndo tamu kwa mambo ya familia maana zinaandika nani ni mke, nani mtoto, nani mtumishi, na kila mtu kazaliwa wapi.

Kitu ambacho watu wengi hawakijui ni kalenda ya mirathi, yaani orodha ya serikali ya kila mwaka ya waliokufa wakaacha mali, ipo tangu 1858, humo mstari mmoja tu unakupa siku ya kifo, mtaa aliokaa, mali kiasi gani na nani kasimamia, na msimamizi mara nyingi ni mjane au mtoto. Mstari mmoja! Na kwa wachoraji kuna zawadi nyingine, orodha za maonyesho ya Royal Academy, chuo na chama cha wasanii kule London, ambazo Algernon Graves alizikusanya kwenye vitabu vya 1769 mpaka 1904, vimeskaniwa unadaunlodi bure, kila mchoraji na picha zake mwaka kwa mwaka pamoja na anuani zake. Ukifuata anuani unamuona mtu anahama nyumba. Magazeti ya zamani mengi ni ya kulipia, mi nashauri uyaache mpaka uwe na tarehe mkononi, la sivyo unachoma hela bure.

Ukishapata hayo, chora mstari wa miaka, na hapa ndo penyewe. Kwa Barker unakuwa hivi: anakulia Bath, na baba yake kati ya 1824 na 1825 anachora ukutani kwenye nyumba yao ya Doric House picha kubwa, kama futi 30 urefu, ya Waturuki wanavyowaangamiza watu wa kisiwa cha Chios. Hebu fikiria mtoto wa miaka tisa kumi, vita ipo ukutani nyumbani. Hakuna aliyeandika kwamba ndo ilimfanya awe mchoraji wa vita, ni mimi nasema, ila sioni ajabu. Mwaka 1834 anaenda Paris kujifunza kwa Horace Vernet, bingwa wa picha za vita Ufaransa nzima, anapata medali, anamchorea mfalme Louis-Philippe kifo cha Louis wa 14, na hiyo picha usiitafute, iliharibiwa kwenye mapinduzi ya 1848. Yeye alisharudi Uingereza 1845. Umeona sasa? Sensa ya 1841 usihangaike nayo, alikuwa Paris.

Halafu weka picha zake kwenye huo mstari uulize, alikuwepo? Majenerali mbele ya Sebastopol, vita ya Crimea ambayo Uingereza na Ufaransa walipigana na Urusi: hakwenda, mfanyabiashara wa picha Agnew alimtuma Roger Fenton na kamera mwaka 1855 na Barker akachora sura kutoka kwenye zile foto. Lucknow kule India, mji uliozingirwa kwenye maasi ya 1857 dhidi ya Waingereza: michoro ya hapo hapo alifanya Msweden, Egron Lundgren, Barker akapewa aitumie. Ndo maana ukivuta picha zake karibu unaona kila afisa anakuangalia kama yuko studio, maana ni picha za sura zilizovalishwa vita, na wateja walinunua nakala za kuchapa ili wawatambue wakubwa mmoja mmoja.

Rudi sasa kwa yule aliyepiga magoti. Wapo watafiti wanaohisi vazi lake lilitokana na Ali bin Nasir, liwali wa Mombasa, aliyetumwa London na Sayyid Said mwaka 1838 kwenye kutawazwa kwa Victoria na akarudi tena 1842. Haya, angalia mstari wako: miaka yote miwili Barker yuko Paris. Kama kweli ni liwali wetu, basi mchoraji kampata kwenye picha ya mtu mwingine au masimulizi, na hata hilo tukio la Biblia halijulikani lilifanyika siku gani, lilikuwa hadithi tu inayozunguka. Na liwali Mwislamu, mjumbe wa sultani, apige magoti kupokea Biblia? Mh.

Ukitaka kuendelea, Victoria Art Gallery ya Bath wana kazi za ukoo huu, na kwenye tovuti ya Art UK ukiandika jina unaona picha zilizopo kwenye makumbusho ya umma. Ukipiga skrini shoti lipe faili jina hapo hapo, mwaka kwanza halafu jina lote, maana kesho utakuwa na faili arobaini zote zimeandikwa Barker.