Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kupunguza Uzito wa Mustang ya Barabarani na ya Dragi

Ukitoa kilo 45 garini, muda wako wa robo maili, yaani mita 402, unapungua kwa takriban sehemu moja ya kumi ya sekunde. Wakimbizaji wa dragi, yaani mbio fupi za mstari ulionyooka, huko Marekani wamekuwa wakitumia makadirio haya kwa miaka mingi, na kwa gari linalomaliza kati ya sekunde 12 na 14 hayako mbali na ukweli. Chukua Ford Mustang 5.0 ya mwaka 1989, gari ambalo hadi leo wengi wanaoanza mchezo huu wanaliona la kwanza la kununua. Injini yake ilitoka kiwandani na nguvu za farasi 225. Tuseme likiwa na dereva ndani lina kilo 1,500. Ukilishusha hadi 1,365, kila farasi anabeba mzigo mdogo kiasi kwamba ni kama umeongeza farasi 22 bila kufungua injini. Faida haiishii hapo, kwa sababu breki nazo zinapumua, matairi yanadumu, na gia boksi na difu haziteswi sana pale taa ya kijani inapowaka.

Hamu ya faida hizo ndiyo inayowafanya watu washike spana kabla ya kushika mizani. Kwanza lipime gari, na si jumla yake tu: kila gurudumu lisimame juu ya mizani yake, dereva akiwa amekaa kitini na mafuta yakiwa kiwango utakachokimbia nacho. Mustang hizi zina pua nzito, zaidi ya nusu ya uzito iko mbele, wakati magurudumu yanayosukuma yako nyuma. Kwa hiyo kilo moja inayotoka chini ya boneti ina thamani kuliko kilo moja inayotoka kwenye buti. Anayeng'oa kila kitu cha nyuma kwa sababu ndicho rahisi anaweza kufika uwanjani na gari jepesi linalozungusha matairi tu pale mstari wa kuanzia.

Jambo la pili ni kujibu swali hili kwa ukweli: gari hili litaendeshwa na nani siku ya Jumatatu? Kama litapeleka watoto shule, kiti cha nyuma kinabaki, na hilo halina mjadala. Kama litasafiri saa mbili kwenye barabara kuu kwenye baridi kali, hita inabaki, maana bila hita kioo cha mbele kinajaa ukungu na dereva haoni.

Viwanda vyenyewe viliwahi kutoa magari mepesi kupita kiasi, na viliyauza vikijua si ya kuendea sokoni. Mwaka 1964 Ford ilitengeneza Fairlane 100 zilizoitwa Thunderbolt, zenye injini ya lita 7 na boneti ya faiba, bila redio, bila hita, hata kiegemeo cha mkono kiliondolewa. Pamoja na kubana kilo kote huko, betri kubwa nzito ilifungwa ndani ya buti upande wa kulia. Walijua uzito unaokaa juu ya tairi la nyuma unaisaidia kushika lami. Mwaka 1968 Dodge ikatoa Dart yenye injini kubwa ya Hemi ambayo vioo vya milango vilipandishwa kwa kuvuta ukanda, na ikabandika tangazo kwamba gari hilo halikukusudiwa kwa barabara za umma.

Sasa anza na vya bure. Toa spea tairi, jeki, zulia la buti, vifaa na takataka zilizolala chini ya viti. Siku ya mbio hivyo peke yake vinaweza kukupa kilo 20 au zaidi, na jioni unavirudisha. Viti vya nyuma pia hufunguliwa kwa dakika chache. Mafuta yana uzito mkubwa kuliko watu wanavyodhani: tangi la Mustang hizi ni la lita 58 hivi, na likijaa ni zaidi ya kilo 40. Robo tangi inatosha kwa siku ya mbio. Usishuke chini sana, kwa sababu gari linapochomoka mafuta yanakimbilia nyuma ya tangi, na pampu ikivuta hewa injini inakosa mafuta ikiwa chini ya mzigo mzito kabisa. Bastola inayoyeyuka haikurudishii gharama kwa kilo tano ulizookoa.

Betri ndiyo kazi ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu unaondoa uzito puani na kuuweka unapotakiwa. Weka nyuma kulia, kwa kuwa nguvu ya propela inapozungusha difu hulinyanyua tairi la kulia. Lakini usiifanye kwa haraka. Kanuni za NHRA, chama kinachosimamia mbio hizi tangu 1951, zinadai betri iliyohamishiwa kwenye buti ifungwe kwa boliti, siyo kwa kamba ya mpira. Pia iwe ndani ya sanduku lililozibwa lenye tundu la kutolea hewa nje, au itenganishwe na dereva kwa ukuta wa chuma. Swichi ya kukata umeme lazima iwe nyuma ya gari ili mwokoaji aifikie, na ikikatwa injini izime kabisa hata kama altaneta bado inachaji. Waya nene wa betri upite mbali na eksozi na kingo kali. Ukichubuka juu ya bodi, unawasha moto sentimita chache kutoka kwenye tangi.

Kinachofuata ni hedi za silinda, yaani vichwa vinavyofunika silinda za injini kwa juu. Zile za chuma zikibadilishwa kuwa za alumini, pua inapungua karibu kilo 20, na kwa kawaida zinapumua vizuri zaidi. Hela hiyo nisingeionea uchungu. Boneti ya faiba ni nzuri, ila ifungwe kwa pini, kwani komeo pekee halitoshi upepo ukipenya chini yake kwa kasi.

Vitu vinavyozunguka vina hesabu yake. Kilo iliyoko ukingoni mwa gurudumu inaigharimu injini karibu kama kilo mbili, kwa sababu inasukumwa mbele na kuzungushwa kwa wakati mmoja. Ringi nyepesi na propela ya alumini ni matumizi mazuri ya fedha. Yale matairi membamba sana ya mbele ya dragi yaachie uwanja: kwenye mvua au mtu akikatiza mbele yako, hayashiki. Na breki nyembamba za dragi zisikaribie barabara kabisa, zinapata moto haraka mno kwenye foleni.

Kuna vyuma ambavyo haviguswi. Nondo zilizo ndani ya milango, mhimili wa chuma nyuma ya bampa, mikanda, na begi la hewa kwenye usukani wa Mustang za kuanzia 1990: hivyo havikuwekwa ili kujaza nafasi. Usitoboe matundu kwenye fremu. Badala yake tenga kilo za usalama mapema katika hesabu yako. Ukimaliza robo maili kwa sekunde 13.99 au chini ya hapo, helmeti ni lazima, ukifika 11.49, utatakiwa kuwa na nguzo ya kujikinga gari linapopinduka, na nguzo hiyo ina uzito. Kwa gari la barabarani nguzo nayo ivishwe sifongo ngumu, kwa sababu kichwa kisicho na helmeti kikigonga chuma katika ajali ndogo, mtu anaweza kufa.

Na sheria ya Marekani inakataza kuondoa vifaa vya kusafisha moshi kwenye gari la barabarani, hata kama katalisti ina kilo zake.

Ukishamaliza, rudi kwenye mizani. Pua iliyopungua inainuka, hivyo springi za mbele na alaimenti vikaguliwe upya, na breki zijaribiwe mahali patupu: nyuma iliyopungua hufunga magurudumu mapema. Andika uzito wa kila kona na muda wa kila mbio kwenye daftari moja, ukitoa kitu kimoja kimoja, ili ujue ni kipi kilichokupa sekunde na ni kipi unaweza kukirudisha garini.