Namna ya kujenga kazi ya kupiga picha za viongozi na wanaharakati ukiwa Mtwara au Lindi

Mpigapicha anayetaka kuishi kwa picha za sura za viongozi na wanaharakati hana ulazima wa kuhamia Dar es Salaam, kwa maana watu hao wako hapa hapa Kusini na wengi wao hawajawahi kupigwa hata picha moja iliyotulia. Wapo wenyeviti wa AMCOS, yaani vyama vya ushirika vya wakulima, wanaosimama mbele ya wakulima siku ya mnada wa korosho, wapo madiwani, masheikh na mapadri, wapo akina mama wanaosimamia vikoba, wapo wavuvi wanaopinga uvuvi wa baruti, na wapo wasichana wanaozunguka vijijini kuwatetea wenzao wasikatishwe masomo. Rais Benjamin Mkapa alizaliwa Lupaso, Masasi, mwaka 1938, na Kassim Majaliwa, aliyeteuliwa Waziri Mkuu mwaka 2015, ni mtu wa Ruangwa. Viongozi wa nchi hutokea katika vijiji hivi, kwa hiyo anza na walio karibu nawe, kabla hawajawa na maafisa wa kukuuliza mlangoni umetumwa na nani.

Kwa mwaka wa kwanza chagua jambo moja, kwa mfano ushirika wa korosho au ulinzi wa mikoko, kisha piga picha za watu kumi au kumi na wawili wanaolibeba, wote kwa lenzi ile ile na kwa mtindo mmoja. Mkusanyiko wa namna hiyo humwonyesha mhariri au shirika kwamba unaweza kushika jambo hadi mwisho, na hilo halionekani katika picha mia moja zilizochanganywa za sherehe na mandhari. Harusi na picha za pasipoti zitaendelea kukulisha, nazo ni kazi ya heshima, lakini usizichanganye na mkusanyiko huu.

Ruhusa huombwa kwa njia tofauti kulingana na mtu. Kwa kiongozi wa ofisi andika barua fupi inayoeleza picha ni ya nini, itatumika wapi na unahitaji dakika ngapi, kisha ipeleke kwa katibu wake au kwa afisa habari wa halmashauri. Kijijini pitia kwa mwenyekiti au mtendaji, hata kama unayemfuata ni shangazi yako. Kwa mwanaharakati nenda mara ya kwanza bila kamera, umsikilize. Ninaamini kwa dhati kwamba sura ya mtu hufunguka siku anapojua kuwa umeielewa kazi yake, na hakuna lenzi inayoweza kufanya hivyo kwa niaba yako.

Kiongozi akikupa dakika kumi, fika saa moja kabla. Mwombe dereva au karani akae kwenye kiti chake ili upime mwanga, na uangalie ukuta wa nyuma, kwa sababu ofisi nyingi zimetundika picha za Rais na za Mwalimu Nyerere zenye vioo, na flashi ikigonga kioo hicho picha yako imeharibika. Wapigapicha husimuliana jinsi Yousuf Karsh, mpigapicha wa Kanada, alivyomtoa Winston Churchill, Waziri Mkuu wa Uingereza wakati huo, sigara mdomoni huko Ottawa tarehe 30 Desemba 1941 ili apate ile sura ya ukali inayojulikana duniani kote. Usiige jambo hilo hapa. Ukimgusa mzee kofia au bakora bila idhini, kikao kimekwisha. Msalimu, mwite Mheshimiwa, Sheikh au Mama kama anavyoitwa na watu wake, kisha mwombe afanye jambo dogo analolizoea, kama kufungua daftari la wanachama au kukunja nyavu, maana mikono ikipata kazi uso hupumzika.

Mwanga wa Kusini unastahili kujifunza kwa miezi, si kwa siku moja. Mtwara na Lindi ziko karibu na nyuzi kumi kusini mwa ikweta, hivyo jua la mchana hupita karibu wima juu ya utosi mnamo Oktoba na tena mnamo Februari. Oktoba ndiyo minada ya korosho hupamba moto, na viongozi wengi huwa huru saa sita mchana tu, wakati macho yanapozama gizani chini ya paji la uso na ukingo wa kofia. Usiwapige picha juani. Wapeleke barazani, hatua moja ndani ya kivuli, wakitazama nje, kwa kuwa mchanga mweupe wa uani hurudisha mwanga kutoka chini na kuyajaza macho. Vichochoro vya Mikindani kati ya kuta za mawe ya matumbawe hufanya kazi hiyo hiyo kwa upole zaidi. Ukiwa Newala, asubuhi yenye ukungu hukupa mwanga laini ambao studio nyingi huutafuta kwa gharama.

Jihadhari na kanzu nyeupe. Kamera ikiona weupe mwingi hupunguza mwanga, na uso mweusi wa mwenye kanzu hubaki kama kivuli. Weka kipimo cha nukta, yaani kinachopima mwanga wa sehemu ndogo tu, ukielekeze kwenye shavu, au ongeza mwanga kidogo kidogo hadi ngozi ionekane na rangi yake ya kweli, huku ukiangalia kanzu isiungue, yaani isigeuke weupe mtupu kwa mwanga kuzidi. Kwa mtu mwenye ualbino angalia uso wake usipoteze rangi kwa mwanga kuzidi, na usimweke juani hata dakika moja.

Picha ya mwanaharakati inaweza kumletea heshima na inaweza kumletea hatari, kwa hiyo suala hili lisifanyiwe haraka. Niliwahi kumpiga picha mama mmoja mbele ya mlango wake, na picha ilipotoka nikagundua kuwa namba ya nyumba inasomeka wazi. Yeye alinisamehe, lakini mimi sikulala vizuri kwa wiki nzima. Tangu hapo hukagua kila kitu kilicho nyuma ya mtu, huzima kipengele kinachoandika mahali picha ilipopigwa, na humwonyesha mwenyewe picha kabla haijaenda popote. Idhini iwe ya maandishi, kwa Kiswahili chepesi, ikitaja matumizi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na sura ya mtu ni taarifa yake. Picha iliyopigwa kwa ajili ya kampeni ya afya isiuzwe kwa mgombea wa chama chochote.

Kuhusu malipo, toza kwa nusu siku au siku nzima, chukua malipo ya awali, na ueleze katika mkataba nani anamiliki picha na mteja anaweza kuitumia kwa muda gani. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda kazi za picha, ila mkataba ulioandikwa ndio utakaokuokoa kwenye mabishano. Wenye uwezo walipe bei kamili, nawe utapata nafasi ya kumpiga picha mwenyekiti wa kikundi cha wavuvi kwa bei anayoimudu, kwa uangalifu ule ule.

Kamera ikitoka ofisi yenye kiyoyozi kwenda kwenye joto la pwani hutoa jasho, hivyo iache ndani ya begi lililofungwa kwa nusu saa. Ukitoka ufukweni ipanguse chumvi siku hiyo hiyo.

Mwisho wa kila kikao andika jina kamili la mtu, wadhifa, kijiji na tarehe ndani ya faili lenyewe, na uhifadhi nakala mbili mahali tofauti. Kisha safisha picha moja kwenye karatasi nzuri na uipeleke mwenyewe. Kaa kidogo akiitazama na watoto wake, na umwombe aandike nyuma yake ilikuwa siku gani na alikuwa akipigania nini. Nakili maneno hayo kwenye daftari lako kabla ya kuaga.