Kuiandaa habu ya gia tatu ili watu waione ikifanya kazi

Wapenzi wa baiskeli za zamani tukikutana hapa Mikindani, kila mtu huja na kinachong'aa: kengele, taa ya dainamo, nembo ya kichwa cha korongo iliyobanduliwa kwenye Raleigh ya babu. Habu ya nyuma, yaani kitovu cha gurudumu chenye gia ndani yake, hubaki nyumbani na grisi yake nyeusi. Kwangu mimi hiyo ndiyo yenye mambo, hasa ikiwa ni Sturmey-Archer AW, ile ya gia tatu iliyoanza kutengenezwa Nottingham, Uingereza, mwaka 1936. Shida yake ni moja: uzuri wake uko ndani. Ukiiweka mezani imelala haina tofauti na kopo. Lazima izunguke.

Anza kwa kuisoma. Futa ganda la nje la habu kwa kitambaa chenye mafuta ya taa mpaka maandishi yatokee. Chini ya herufi AW mara nyingi utakuta namba mbili. 62 na 9, kwa mfano, ni Septemba 1962. Huo ni umri wa habu, si lazima uwe wa baiskeli, maana magurudumu yamehamishwa sana kutoka fremu moja hadi nyingine. Hesabu na matundu ya spoku. Waingereza kwa desturi waliweka 40 nyuma na 32 mbele, kwa hiyo ukikuta 40 usishangae ukikosa rimu ya kulingana nayo dukani.

Sasa kutu. Upepo wa bahari huku kwetu hauachi kroma salama. Chukua foili ya jikoni, ikunje, ichovye kwenye maji, sugua taratibu. Foili ni laini kuliko kroma, kwa hiyo inaondoa kutu bila kuikwaruza. Msasa weka mbali kabisa. Niliwahi kuona habu ya mwaka wa hamsini na kitu imesuguliwa ikawa kama kijiko kipya, na tarehe imefutika. Mwenyewe alifurahi. Mimi nilinyamaza.

Ndani, kama haijakwama, usifungue. Kuna vijino vinne vya kukamata, kila kimoja na springi nyembamba kama unywele; nilishapoteza moja mchangani na sikuiona tena. Fungua kifuniko kidogo cha oili kwenye ganda, mimina mafuta ya taa, zungusha, mwaga. Rudia mpaka yanayotoka yawe safi, kisha tia kijiko kimoja cha oili nyepesi. Mafuta ya kula hapana: yakikaa yanageuka gundi, vijino vinalala, gia inateleza.

Koni, zile nati za pande mbili zinazobana gololi kwenye ekseli, zina utaratibu wake, na hapa ndipo mafundi wengi hukosea kwa kukaza kama nati ya gurudumu la mkokoteni. Anza upande wa sproketi, kile kigurudumu cha meno kinachovaa mnyororo: kaza koni kwa vidole tu mpaka iguse, irudishe nusu mzunguko, funga nati yake. Upande huo umekwisha, usiuguse tena. Marekebisho mengine yote fanya kwa koni ya kushoto. Shika ganda ulitikise: kuwe na mchezo mdogo sana, wa kuusikia vidoleni kuliko kuuona.

Kisha kigogo cha kuisimamishia. Tafuta kipande cha mpingo kwa wachongaji, mara nyingi wana vipande vilivyobaki. Mpingo ni mgumu, toboa kwa keke polepole na uitoe mara kwa mara ipoe. Ekseli ina pande mbili bapa kila ncha. Chonga tundu lenye pande bapa vilevile, liikamate ncha ya kushoto isizunguke hata kidogo, kisha kaza nati kwa chini. Hili si pambo. Kile kigurudumu cha meno cha katikati ndani ya habu kimechongwa kwenye ekseli yenyewe, na ekseli ikizunguka, habu nzima inazunguka pamoja bila kuonyesha chochote.

Habu ikishasimama wima, sproketi juu, ingiza kile kicheni kidogo cha kubadilishia gia kwenye ncha ya ekseli. Kikaze mpaka mwisho kwa vidole, kisha kirudishe kidogo tu, kisizidi nusu mzunguko, kikae upande unaotaka kuvutia.

Sasa onyesha. Tia alama ya chaki kwenye ganda na kwenye sproketi. Kicheni kikiwa kimelegea, habu iko gia ya tatu: zungusha sproketi mara tatu, ganda litazunguka mara nne. Kivute mpaka mwisho, uko gia ya kwanza: sproketi mara nne, ganda mara tatu. Kikiwa katikati, uko gia ya pili: ganda huzunguka sawasawa na sproketi. Waambie watu wasikilize pia. Gia ya pili na ya tatu hulia tik-tik-tik, ya kwanza iko kimya. Ikikosa mlio kwenye ya tatu, kuna vijino vimeganda. Rudi kwenye mafuta ya taa.

Habu iliyosimama wima itavuja oili kidogo kwa chini. Chimba kijishimo kuzunguka tundu na ukandamize pamba humo. Mimi sikufanya hivyo mara ya kwanza, na kitambaa cha meza hakikuwa changu.