Jinsi ya kupiga filamu fupi ya kutisha kwa simu ukiwa Mtwara au Lindi

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kumsaidia kijana mmoja wa Lindi mjini kumalizia filamu yake fupi. Picha zilikuwa nzuri, na mama aliyeigiza ndani yake anajua kutulia mbele ya kamera, lakini midomo ilikuwa inakimbia na sauti inabaki nyuma. Ndiyo maana hatua ya tano ni ndefu kuliko nyingine zote. Mtazamaji anaweza kusamehe picha yenye chengachenga. Akisikia sauti mbovu, hofu inamtoka na haimrudii tena.

Hatua ya 1: Chagua kitu kimoja tu cha kutisha

Ukiziangalia filamu za mfululizo zinazojaza vibanda umiza, utaona zilianza na kitu kimoja. Filamu ya Halloween ya mwaka 1978 ilipigwa kwa bajeti ndogo. Mwongozaji wake John Carpenter na wenzake walichukua barakoa ya dukani ya sura ya mwigizaji William Shatner, iliyouzwa chini ya dola 2, wakaipaka nyeupe na kupanua matundu ya macho. Basi, huyo ndiye Michael Myers, muuaji wa filamu hiyo. Paranormal Activity, Oren Peli aliipiga nyumbani kwake San Diego kwa takriban dola 15,000, na sehemu kubwa ya hofu yake inatoka kwenye kamera iliyosimamishwa chumbani ikiwatazama watu waliolala. Hata Jason, muuaji mwenye barakoa wa filamu za Friday the 13th, wengi hawakumbuki kwamba kwenye filamu ya kwanza ya mwaka 1980 muuaji ni mama yake. Ile barakoa ya wacheza magongo ya barafuni, Jason aliivaa kuanzia sehemu ya tatu, mwaka 1982.

Usiiazime barakoa ya Jason. Huku hakuna anayecheza mpira wa magongo kwenye barafu, na mtazamaji wa Mtwara akiiona anakumbuka filamu ya mtu mwingine. Tafuta cha kwetu: ghala la korosho usiku, magunia yamepangwa hadi darini, mlinzi yuko peke yake, na kila akirudi kutoka kuzunguka anakuta gunia moja limesogea. Au dau lililorudi ufukweni na nyavu zake lakini bila mtu. Kimoja kinatosha. Ukiweka jini, mzuka, mchawi na muuaji katika dakika kumi, hakuna atakayetisha.

Kuna mambo mawili ambayo mimi siyapigi na ninakuomba nawe usiyapige. La kwanza ni bibi kizee mwenye macho mekundu kuwa mchawi. Macho hayo ni ya moshi wa kuni wa miaka mingi, na katika nchi hii wapo vikongwe waliouawa kwa sababu ya fikra hiyo hiyo. Ndugu zetu wenye ualbino nao usiwafanye kitisho wala dawa, kabisa. La pili ni mapiko. Barakoa zile za Wamakonde zina jando ndani yake na zina wenyewe. Kama hadithi yako haiwezi kwenda bila lipiko, nenda kwa wazee wa ngoma kwanza, ukae nao, ukubali wakikataa. Unaweza pia kumpa fundi wa kuchonga kazi ya sura mpya ambayo haipo kwenye ngoma yoyote. Wachongaji wetu wana mkondo mzima wa sanamu za shetani, na ukimwachia fundi nafasi atakuletea kitu ambacho hukukiwaza.

Hatua ya 2: Andika

Kurasa tano hadi nane. Ukurasa mmoja ni kama dakika moja. Punguza maneno ya midomoni.

Hatua ya 3: Mahali na ruhusa

Kwanza mwone mwenyekiti wa mtaa, hata kama unapiga uani kwa shangazi yako. Watu wakisikia ukelele saa nne usiku bila taarifa watakuja na marungu, na watakuwa na haki. Kazi unayotaka kuionyesha hadharani au kuiuza inahitaji kibali cha Bodi ya Filamu, na ikiisha inakaguliwa na kupewa daraja la umri. Fuatilia hilo mapema.

Nyumba kuukuu za Mikindani zinavutia mno kwa filamu za namna hii: kuta nene, milango mizito, mimea iliyoota ukutani. Zina wenyewe lakini, hata ile isiyo na paa. Kilwa Kisiwani ni urithi wa dunia tangu mwaka 1981. Usiende kuwasha mienge kwenye magofu yale. Kamera usiielekeze bandarini, uwanja wa ndege wala kwenye mitambo ya gesi ya Madimba. Makaburini sipigi. Kaburi la filamu linajengwa popote kwa mchanga, mawe na kipande cha ubao, na mwigizaji analala humo kwa amani akijua hapana mtu chini yake.

Hatua ya 4: Mwanga na kamera

Weka simu kwenye fremu 25 (picha moja moja zinazounda video) kwa sekunde, na shuta, yaani muda ambao kila fremu inapokea mwanga, iwe 1/50 ya sekunde. Sababu ni umeme wetu: unakwenda kwa mizunguko 50 kwa sekunde, na simu ikibaki kwenye 30 na shuta ya kujipangia, taa za LED na zile ndefu za mirija zinaanza kucheza ndani ya picha, mistari inapanda na kushuka. Funga mwanga na umakini wa lenzi wewe mwenyewe, usiiachie simu iamue. Programu ya Blackmagic Camera ni ya bure na ndiyo ninayoitumia. Kama simu yako haiikubali, jaribu Open Camera.

Usiku mwingi wa kwenye filamu usiupige usiku. Upige jua likishazama, saa kumi na mbili jioni na ushee, anga likiwa bado na bluu. Huku kwetu giza linashuka haraka, unapata kama dakika ishirini tu, kwa hiyo fanya mazoezi ya sini mchana ili muda ule uwe wa kurekodi peke yake. Kwa ndani, taa moja inatosha: chemli kwenye kona, au tochi iliyofunikwa karatasi ya kuokea. Sehemu nyingine iache nyeusi.

Hatua ya 5: Sauti

Hapa tukae.

Nunua au azima kinasa sauti kidogo, au tumia simu ya pili iliyochomekwa maiki ya kubana kwenye kola. Maiki ya kamera iliyo mbali na mwigizaji haifai kwa maneno. Mimi naipenda ya waya kuliko isiyo na waya, maana za bei nafuu zisizo na waya hukatika sauti bila kukupa taarifa, na utakuja kujua ukiwa nyumbani waigizaji wameshasafiri. Weka simu zote katika hali ya ndegeni. Zima friji na feni, na uandike kwenye karatasi mlangoni "washa friji", samaki wa mwenye nyumba wasije wakaoza. Vipimo vya sauti vicheze kati ya desibeli -18 na -12, na ukelele usivuke -6. Kabla ya sini ya ukelele, mwambie mwigizaji apige mmoja wa nguvu zake zote, kisha ndipo upange.

Upepo ni adui wa pwani hii. Kusi ikishika, kati ya mwezi wa tano na wa tisa, ufukwe wa Shangani mchana hauna sauti nyingine zaidi ya upepo na makuti. Rekodi alfajiri, bahari ikiwa imetulia. Vika maiki kofia ya manyoya. Ukiikosa, soksi ya sufi juu ya sponji inasaidia, ila sauti inafifia kidogo, kwa hiyo isogeze maiki karibu.

Sasa lile lililomsumbua yule kijana. Simu nyingi hazirekodi fremu kwa mwendo mmoja. Umeiambia 25, lakini gizani simu inataka mwanga zaidi, kwa hiyo inaikawiza kila fremu, na mwendo unashuka hadi 22, unapanda 26, unashuka tena. Filamu ya kutisha ni ya gizani, kwa hiyo sisi tunaumia kuliko mtu anayepiga video ya harusi mchana. Ukiichezesha simuni huoni kitu. Ukiiingiza kwenye programu ya kuhariri na kuipachika sauti ya pembeni, mwanzo inakaa sawa, na dakika ya tatu mlango unafungwa kabla ya mlio wake. Kijana alikuwa anakata na kusogeza sauti kipande kwa kipande. "Kaka, nikiiweka sawa hapa, inaharibika mbele." Lazima iharibike, kwa sababu picha ndiyo inayobadilika mwendo, sauti haina kosa.

Dawa yake ni hii. Hamisha video kutoka kwenye simu kwa waya au kadi, usizitume WhatsApp, maana huko zinabanwa na ubora unapotea. Fungua kila faili kwa programu ya MediaInfo, tafuta mstari wa Frame rate mode. Ikiwa imeandikwa Constant, yaani mwendo ni mmoja, endelea. Ikiwa ni Variable, yaani mwendo unabadilika, usiiguse kwenye uhariri kwanza. Ipitishe HandBrake, ambayo ni ya bure: kwenye sehemu ya Video chagua fremu 25, kisha weka alama penye Constant Framerate, na ubora wa RF uwe 16 au 18. Faili zitakuwa kubwa, andaa nafasi. Hapo ndipo uanze kuhariri.

Angalizo. Kama ulipiga kwa 30, geuza kwa 30, usilazimishe 25, la sivyo mtu anayetembea ataonekana anarukaruka. Hakikisha sauti yote imenaswa kwa kiwango cha 48 kHz. Kinasa kikiwa kwenye 44.1, kibadilishe kabla ya siku ya kwanza. Hata baada ya yote hayo, vinasa vya bei nafuu huachana na kamera taratibu kwenye shoti ndefu, kwa hiyo piga shoti fupi. Na kila shoti piga kofi la mikono mbele ya kamera mwanzoni, kisha jingine mwishoni. Kofi la mwanzo linakusaidia kupanga. La mwisho linakuonyesha kama picha na sauti zimeachana. Wengi hulisahau la mwisho. Mpe mtu mmoja kazi hiyo, asifanye nyingine.

Ninang'ang'ana hivi kwa sababu mshtuko unaishi kwenye fremu mbili tatu. Mlango ukigonga na sauti ikachelewa fremu tatu, hiyo ni sekunde 0.12, hakuna mtu atakayeruka kitini. Ataona kasoro asiyoweza kuieleza, na atacheka.

Kila mahali, kabla ya kufungasha vyombo, waambie wote wanyamaze na urekodi dakika nzima ya mahali hapo palivyo: nyenje, bahari kwa mbali, bati likijikunja kwa ubaridi. Utaitumia kuziba mashimo kwenye uhariri, na utaitumia kutisha. Sekunde moja na nusu kabla ya kishindo, ondoa nyenje wote. Mtazamaji hajui kilichotoweka, ila mwili wake unajua.

Sauti nyingine zitengeneze mwenyewe. Chukua korosho ghafi, zile zenye ganda, zimimine polepole juu ya bati kuukuu, rekodi karibu kabisa, kisha punguza mwendo kwa nusu kwenye programu ya sauti ya Audacity. Inatoka sauti nzito, kavu, kama mifupa inayojipanga. Makuti yaliyokauka yakiburuzwa sakafuni ni nguo ya mtu asiyeonekana. Muziki wa kutisha wa kupakua mtandaoni achana nao, utakuletea madai ya hakimiliki na kila mtu ameshausikia. Carpenter aliutunga mwenyewe muziki wa Halloween, juu ya mapigo matano ambayo baba yake alimfundisha kwenye ngoma ndogo. Mapigo hayo hayakai sawa mguuni, na hapo ndipo wasiwasi unapotoka. Mpigaji ngoma wa Mtwara anaweza kukupa mapigo ya namna hiyo bila kinanda chochote.

Hatua ya 6: Damu

Chemsha sukari na maji mpaka iwe shira nzito, iache ipoe, tia rangi nyekundu ya chakula na kijiko kidogo cha kakao ili isiwe nyekundu ya soda. Ikionekana ya waridi kwenye kamera, tone moja la bluu. Sisimizi watafika, kwa hiyo ipake dakika ya mwisho. Kwa doa kuukuu kwenye nguo, kamua mabibo: yanaacha madoa ya kahawia yasiyotoka, basi tumia nguo ambayo hutaitaka tena. Usiguse kabisa mafuta ya ganda la korosho kwa ajili ya vidonda vya bandia, hata kama rangi yake inakuvutia. Yanaunguza ngozi kweli kweli, na waliobangua korosho kwa mkono watakuonyesha vidole vyao.

Hatua ya 7: Kuhariri

DaVinci Resolve ya bure, kama kompyuta yako ina nguvu. Kama haina, CapCut. Panga sauti kwanza, fumba macho usikilize filamu nzima bila picha, na pale unapochoka kusikiliza ndipo pa kukata.

Hatua ya 8: Ionyeshe kabla hujaipandisha mtandaoni

Zungumza na mwenye kibanda, mwombe muda kabla ya mechi, uwaonyeshe watu wazima, si watoto. Kaa pembeni ya skrini ukiwatazama watu, daftari mkononi. Andika dakika ambayo mtu wa kwanza anatoa simu mfukoni, na dakika ambayo wawili wanaanza kuongea. Sikiliza spika za pale: nyingi hazitoi sauti nzito, na kishindo ulichokitengeneza kwa besi pekee hakitasikika. Kiongezee mlio wa juu kidogo, mbao ikipasuka au bati, kisha urudi kibandani ukijaribu tena.