Jinsi ya kutengeneza kibanda cha kupulizia rangi nyumbani

Boksi lenyewe si kazi kubwa. Kinachoamua kama kibanda kitafaa ni hewa: inaingilia wapi, inapita kwa kasi gani na inatokea wapi. Kwa hiyo anza na feni, mbao zitafuata. Vipimo vya hapa ni vya kupulizia vitu vidogo: modeli, fremu za picha, helmeti, vipuri vya baiskeli.

Hatua ya 1: Piga hesabu ya feni

Mdomo wa kibanda una upana wa sm 60 na kimo cha sm 45, yaani mita za mraba 0.27. Ili ukungu wa rangi usikurudie usoni, hewa ipite mdomoni kwa kasi ya mita 0.5 kwa sekunde. Zidisha: 0.27 × 0.5 = mita za ujazo 0.135 kwa sekunde, sawa na 486 kwa saa. Chujio na bomba hula sehemu ya nguvu hiyo, kwa hiyo tafuta feni iliyoandikwa 750 kwa saa au zaidi. Feni ndogo ya bafuni huvuta kama 100 tu. Za kompyuta ndiyo usiziguse kabisa, maana ukiziwekea chujio mbele hewa inasimama.

Angalia na mota. Mvuke wa thina na gesi inayosukuma rangi kwenye kopo vyote vinashika moto, na mota yenye kaboni, yaani vipande vinavyosugua sehemu inayozunguka ili kupitisha umeme, hutoa cheche kila inapozunguka. Chagua mota isiyo na kaboni, na ikiwezekana bloa ya umbo la konokono ambayo mota yake imekaa nje ya njia ya hewa. Swichi na soketi ziwe mbali na kibanda, angalau mita moja na nusu.

Hatua ya 2: Kata mbao

Plaiwudi moja ya mm 12, futi 8 kwa 4, inatosha na inabaki:

- sakafu: sm 62.4 × 75
- pande mbili: sm 45 × 75 kila moja
- mgongo, wenye tundu la bomba: sm 60 × 45
- kipande cha dari ya nyuma: sm 62.4 × 15

Dari ya mbele, sm 62.4 × 60, iwe kioo cha mm 5. Taa ya LED inakaa juu ya kioo, nje kabisa, kwa hiyo mvuke hauifikii. Chagua mwanga mweupe wa kelvini 5000 hadi 6500. Mwanga wa njano utakudanganya rangi.

Funga kwa gundi na skrubu, kisha ziba kila kiungo kwa silikoni. Ndani paka rangi nyeupe ya mafuta.

Hatua ya 3: Acha nafasi nyuma ya chujio

Hapa ndipo vibanda vingi vinapoharibika. Chujio kikigusana na tundu la bomba, hewa hupita katikati tu: utaona duara la rangi limeganda pale huku pembeni pakiwa peupe. Simamisha fremu ya chujio sm 15 mbele ya mgongo, ili mvuto usambae kwenye chujio chote. Tumia chujio cha nyuzi za kioo cha kunasia rangi, kikae kwenye reli kiweze kuchomoka.

Hatua ya 4: Bomba na hewa mbadala

Bomba liwe la kipenyo cha mm 200, fupi, lisizidi mita 2, na kona moja tu. Likiwa la kukunja, livute hadi linyooke, kwani mikunjo huikaba hewa. Mdomo wa nje uwe mbali na dirisha la jirani na usielekee upepo. Kwa walio pwani, ukuta uliotulia wakati wa kaskazi unaweza kupigwa na kusi, kwa hiyo weka kofia kwenye mdomo wa bomba.

Fungua dirisha la upande wa pili wa chumba. Bila hewa kuingia, feni haina cha kuvuta. Jiko la mkaa au la gesi lisiwe chumba hicho kamwe: ni moto, na feni inaweza kurudisha moshi wake ndani.

Hatua ya 5: Jaribu kwa moshi

Kabla hujaleta rangi yoyote karibu, washa feni na ushike udi mdomoni mwa kibanda. Moshi unyooke moja kwa moja hadi kwenye chujio, kona zote nne. Ukizunguka au kurudi nje, kuna uvujaji au feni ni dhaifu. Zima udi kabisa na uutoe nje.

Wakati wa kupuliza

Shika kopo sm 20 hadi 25 kutoka kwenye kitu, puliza tabaka nyembamba, na uiache feni iendelee dakika 15 baada ya kumaliza. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke. Vaa yenye katriji za viyeyusho, ambazo kwa viwango vya Ulaya zina herufi A na ufito wa kahawia. Siku za masika vanishi ya laka hupata weupe kama maziwa, kwa sababu kiyeyusho kinapokauka hupoza uso na unyevu hunasa hapo. Ahirisha kazi.

Rangi za magari zinazochanganywa na hadina zina isosianeti, kemikali inayodhuru mapafu. Hizo zinahitaji hewa safi ya kuletwa kwa mpira hadi kwenye barakoa, kibanda hiki hakizifai.

Chujio kilichojaa rangi ya mafuta kinaweza kujipasha joto na kuwaka chenyewe. Kichomoe, kizamishe kwenye debe la chuma lenye maji, funika, na ulihifadhi nje ya nyumba.